Umahiri wa taarifa kwa wahadhiri: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Malindi

Ukurasa huu umetokana na darasa dogo la Jumamosi ambalo mimi na wakutubi wenzangu wawili tunaliendesha mjini Malindi. Wanaokuja ni wahadhiri, wengi wao wa muda, wanaopanda matatu alfajiri kwenda kufundisha Kilifi au Mombasa na kurudi usiku kuandika tasnifu zao. Maswali ni yao. Majibu ni yangu, na pale nilipoegemea upande sijaficha.

Umahiri wa taarifa ni kitu gani hasa?

Ni uwezo wa kutambua kwamba hapa nahitaji taarifa, kisha kuitafuta, kuipima na kuitumia ipasavyo. Hivyo ndivyo kamati ya Chama cha Maktaba cha Marekani ilivyoueleza mwaka 1989, na maelezo hayo bado utayakuta kwenye sura ya pili ya karibu kila tasnifu ya somo hili. Jina lenyewe ni la zamani kidogo, 1974, na wengi hushangaa kusikia halikuanzia chuoni. Paul Zurkowski, aliyeongoza chama cha kampuni za biashara ya taarifa huko Marekani, aliandika ripoti akitaka wafanyakazi wafunzwe kutumia vyanzo vya taarifa kutatua matatizo ya kazini. Dhana ilizaliwa sokoni, maktaba zikailea.

Kwa Kiswahili tuiteje?

Nimekutana na "ujuzi wa habari", "usomi wa taarifa" na mengine. Mimi nakwepa "habari" kwa sababu msikilizaji hukimbilia redio na magazeti. Chagua neno moja, lieleze mwanzoni, usilibadilishe njiani. Msimamizi wako akipenda jingine, mpe lake. Hakuna tasnifu iliyomalizika mapema kwa kugombania neno.

Kwa nini mnawafundisha wahadhiri? Wasiojua kutafuta si wanafunzi?

Swali hili huulizwa kwa hasira kuliko yote, na mara nyingi na mtu mwenye shahada tatu. Nalijibu kwa utulivu kwa sababu ndilo lililougeuza utafiti wa fani hii.

Kwa miaka mingi makala zilikuwa za wakutubi wakiandika juu ya wanafunzi. Sababu ni nyepesi: mkutubi hukutana na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza siku ya kutembezwa maktaba, lakini mhadhiri humwona anapokuja kulalamika kwamba kitabu hakipo. Kwa hiyo mhadhiri akawa kama bawabu. Utafiti ulimuuliza kama ataturuhusu saa moja ya kipindi chake tufundishe wanafunzi wake, basi. Yeye mwenyewe anatafutaje? Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mwaka 1997 Christine Bruce wa Australia alichapisha kazi iliyowauliza watu wa vyuo vikuu wenyewe wanauonaje umahiri huu, akapata sura saba. Wapo waliouona kama kujua mashine, wapo waliouona kama kujua vyanzo viko wapi, na upande wa mbali kabisa wapo waliouona kama busara ya kutumia taarifa kwa manufaa ya wengine. Uingereza nayo, mwaka 2007, Stuart Boon, Bill Johnston na Sheila Webber walitoa matokeo ya mahojiano na wahadhiri wa fasihi ya Kiingereza, wakiwa na mradi uliogusa pia masoko, kemia na uhandisi. Ikabainika kwamba fani hubeba dhana yake: mtu wa fasihi anapozungumzia taarifa hazungumzii kitu kile kile anachozungumzia mkemia. Ukisoma hayo huwezi tena kuandika "wahadhiri" kana kwamba ni kundi moja.

Pigo lenyewe likaja 2017. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwakalisha mbele ya kompyuta wanahistoria kumi wenye uzamifu, wakaguzi kumi wa ukweli wa habari, na wanafunzi 25. Kazi mojawapo ilikuwa kulinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto huko Marekani: moja ya chama kikubwa cha tangu 1930, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, jina lake likifanana na la kwanza. Wakaguzi wote kumi walijua ipi ya kuaminiwa. Wanahistoria, nusu tu. Wasomi hawa, ambao kazi yao ya maisha ni kupima nyaraka, waliisoma tovuti kutoka juu hadi chini, wakatazama nembo, wakapima lugha, na tovuti ikawashinda. Wakaguzi hawakusoma. Walifungua kurasa nyingine kando na kuuliza wengine wanasema nini juu ya hawa watu, ndipo wakarudi.

Kwa hiyo, mwalimu, tunakuheshimu. Lakini njoo.

Mwelekeo wa utafiti umebadilikaje tangu miaka ya tisini?

Ukiutazama kwa haraka: miaka ya tisini ni ya dhana, nini maana ya neno. Mwaka 2000 chama cha maktaba za vyuo cha Marekani, ACRL, kilitoa viwango, na utafiti ukawa wa kupima nani amefikia kiwango kipi. Tamko la Prague la 2003 na la Alexandria la 2005 yakaipeleka mada nje ya maktaba, hadi kwenye haki za binadamu na maendeleo. Mwaka 2011 UNESCO ikatoa mtaala wa walimu uliounganisha vyombo vya habari na taarifa. Halafu ACRL ikaona vile viwango vimekuwa vya kuweka alama ya vema kwenye kisanduku. Mwaka 2016 ikavifuta na kubaki na mfumo mpya wa dhana kuu sita, mojawapo ikisema mamlaka ya chanzo hujengwa na hutegemea muktadha. Tafsiri yangu ya baraza: msemaji wa kweli juu ya ngalawa si lazima awe msemaji wa kweli juu ya dawa.

Kutoka 2017 hivi, jina likaanza kumezwa na "umahiri wa kidijitali". Tume ya Ulaya ilitoa mwaka huo mfumo wake kwa walimu, DigCompEdu, wenye stadi 22 katika maeneo sita, na tangu hapo tafiti nyingi za wahadhiri, hasa Hispania na Amerika ya Kusini, hupima kwa mizani hiyo. Janga la 2020 likaongeza kasi. Sasa ni zamu ya akili unde. Nitaifikia.

Nikitafuta katika kanzidata za makala za Scopus na Web of Science, nitakuwa nimeona yote?

Hapana. Utakuwa umeona yaliyomo humo.

Tafiti nyingi za "mielekeo" hufanywa hivi: mtu hushusha rekodi kutoka kanzidata hizo mbili, akazitia kwenye programu kama VOSviewer ya Chuo Kikuu cha Leiden, ikamchorea mapovu ya rangi, na akaandika kwamba Marekani inaongoza. Mapovu ni mazuri machoni. Ila kanzidata hizo zina Kiingereza kingi kuliko lugha nyingine yoyote, na jarida lisilomo halina povu. Makala ya mkutubi wa Eldoret au Morogoro iliyotoka katika jarida la chuo chake yaweza isihesabiwe kabisa. Ongeza AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998, ongeza DOAJ, orodha ya majarida huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, na pitia hifadhi za vyuo vyetu wenyewe. Kisha andika wazi ulitafuta wapi, kwa maneno gani, tarehe gani. Ukitafuta kwa Kiingereza peke yake, sema hivyo, usiandike "duniani".

Nataka kugawa dodoso wahadhiri wajipime. Kuna ubaya?

Upo, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu.

Dodoso la kujipima ndilo chombo kinachotumika kupita vyote katika mada hii, kwa kuwa ni rahisi. Unaandika "Naweza kutathmini uhalali wa chanzo", mhadhiri anaweka alama kwenye "nakubali sana", unatoa wastani, unahitimu. Swali ni: umepima nini? Umepima mhadhiri anavyojiona. Justin Kruger na David Dunning walionyesha mwaka 1999 kwamba asiyejua jambo mara nyingi hukosa pia kipimo cha kujua kwamba hajui, na Melissa Gross na Don Latham wa Florida wakaliona hilo hilo katika umahiri wa taarifa kwa wanafunzi: wenye alama za chini walijikadiria juu sana. Mhadhiri ana mtihani mzito zaidi, maana cheo chake kinamzuia kuandika "siwezi".

Usilitupe dodoso. Lishushe cheo. Ulitumie kujua wanasema nini, kisha wachukue watano au sita, kaa nyuma yao, uwape kazi halisi, utazame vidole. Mtu akitafuta mbele yako kwa dakika kumi na tano unajifunza kuliko kwenye dodoso mia. Ni kazi ya kuchosha, haitoi majedwali ya kupendeza, na msimamizi atauliza sampuli yako mbona ndogo. Mwambie Wineburg na McGrew walikuwa na watu 45.

Mnatoa kazi gani? Nipe mfano wa hapa hapa.

Tunayoipenda ni hii: "Nani alikuwa rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498?" Nguzo yake iko pale juu ya bahari, kila mwenyeji anaijua, na kila mwenyeji ana jibu: Ahmad ibn Majid.

Siku moja niliwaomba kwanza wajipe alama katika kumi. Bwana mmoja, mhadhiri wa miaka mingi, alijipa tisa. Binti aliyekaa karibu na dirisha, msaidizi wa mhadhiri, alijipa tano. Yule bwana aliandika swali zima kwenye Google, akafungua ukurasa wa kwanza, akashuka nao polepole akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ibn Majid. Akafungua wa pili, Ibn Majid. Wa tatu. "Vyanzo vitatu," akasema, akajiegemeza kitini. Binti hakusoma hata mmoja kwa dakika mbili za kwanza. Alifungua saba, akawa anatafuta kitu kimoja tu ndani ya kila mmoja: huyu ameipata wapi? Akagundua wanne hawakutaja, na waliotaja walikuwa wakizunguka kwa mwandishi yule yule.

Ukiufuata uzi wenyewe unafika hapa. Aliyemtaja Ibn Majid ni Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miaka mingi baada ya safari. Mwanazuoni Mfaransa Gabriel Ferrand akaipa habari hiyo uzito mwanzoni mwa karne ya 20, na kutoka kwake ikaenea vitabuni na shuleni. Wareno hawakumtaja. João de Barros anaandika kuwa rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat, anamwita Malemo Cana, na hiyo "malemo" ni mu'allim ya Kiarabu, cheo cha mwelekezi wa chombo, ndilo neno tulilolifanya "mwalimu". Ibn Majid mwenyewe, aliyeacha maandishi mengi juu ya ubaharia, hakudai kazi hiyo. Wanahistoria wengi leo hawaikubali hadithi ile.

Yule bwana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi nimewafundisha watu hivyo miaka kumi na minane." Vyanzo vyake vitatu vilikuwa chanzo kimoja kilichovaa kanzu tatu.

Lakini wazee wetu si walikuwa na njia yao ya kupima habari?

Walikuwa nayo, na sielewi kwa nini tasnifu za pwani hazianzii hapo. Mwanafunzi wa madrasa Lamu hufundishwa kuuliza sanad: hadithi hii umeipokea kwa nani, naye kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo alikuwa mtu wa namna gani. Binti wa dirishani alifanya hilo hilo kwa kivinjari. Nilipomuuliza alijifunza wapi, akacheka: babake ni ustadh.

Kuna pia suala la nyaraka zenyewe. Maandishi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yalipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na kuwekwa mtandaoni bure. Mhadhiri anayesema hakuna vyanzo vya asili vya historia ya elimu hapa kwetu huenda hajabisha hodi. Na asitegemee mtandao peke yake: Oktoba 2023 maktaba hiyo ya London ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi.

Nimepata barua pepe ya jarida linalotaka makala yangu. Nitume?

Imeanza na "Profesa mtukufu"? Inaahidi kuchapisha ndani ya juma moja? Inataka dola kabla hujaambiwa nani ataipitia? Subiri kwanza.

Majarida ya ulaghai ni sehemu nene ya utafiti huu. Jeffrey Beall wa Colorado alikuwa na orodha yake maarufu hadi Januari 2017 alipoifuta. Mwaka 2013 John Bohannon, katika jarida la Science, alisimulia jinsi alivyotuma makala bandia yenye makosa ya wazi kwa majarida huria 304, 157 yakaipokea. Tangu 2015 kuna kampeni ya Think. Check. Submit. yenye maswali ya kujiuliza kabla ya kutuma, na inafaa.

Ila maelezo ya kwamba mhadhiri "hudanganywa" hayatoshi. Nimekaa na watu waliojua kabisa jarida ni la bati, wakalipa. Cheo kinahesabu makala, muda unakimbia, na uzamifu katika vyuo vingi haupatikani bila kuchapisha. Mtu huyo hana upungufu wa umahiri. Anausoma mfumo vizuri kuliko mimi. Watafiti walioliona hili wameanza kuchunguza vigezo vya kupandisha vyeo, jambo ambalo tamko la San Francisco juu ya namna ya kupima utafiti, DORA, lilipigia kelele tangu 2012.

Na akili unde?

ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu 2023 makala juu ya wahadhiri na akili unde zimekuwa kama dagaa wa msimu. Nyingi bado zinauliza mtazamo: unaiogopa, unaipenda? Mwaka 2024 UNESCO ilitoa mfumo wa stadi 15 za akili unde kwa walimu, kwa hiyo tegemea madodoso zaidi.

Mimi ninayoyaona mezani ni marejeo hewa. Muhula uliopita mhadhiri aliniletea orodha ya vitabu na makala 14 aliyotaka kuwapa wanafunzi. Waandishi walikuwa watu wa kweli, majarida ya kweli, miaka ya kuaminika. Tatu hazipo. Moja kati ya hizo ilikuwa na DOI, namba ya kudumu ya kutambulisha makala mtandaoni, inayofunguka vizuri kabisa, kwenye makala ya ng'ombe wa maziwa. Hakuwa mvivu, ana vipindi katika kampasi tatu na mtoto mchanga. Dawa ni kufungua kila rejeo kabla ya kuligawa: weka kichwa chote ndani ya alama za kunukuu utafute, fungua DOI, hakikisha kilichofunguka ndicho kilichoandikwa.

Mimi ni wa muda, nenosiri langu la maktaba hukatwa muhula ukiisha. Nifanyeje?

Malalamiko haya ni ya haki. Omba mkutubi wa chuo akuandikishe upya mapema, usingoje wiki ya kwanza. Uliza kama chuo kimo katika KLISC, muungano wa maktaba za Kenya unaonunua majarida kwa pamoja, na kama kimejiandikisha Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Makala isipopatikana, mwandikie mwandishi. Wengi hujibu, na hufurahi.

Kuwahoji wahadhiri wenzangu kunahitaji kibali?

Ndiyo. Idhini ya kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na ukusanyaji unaozingatia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Chuo kikiwa na mhadhiri mmoja tu wa kemia wa kike, "mhadhiri wa kemia, mwanamke" si kuficha jina.

Darasa ni bei gani, na nije na nini?

Bure. Saa tatu asubuhi, na kahawa ipo. Mahamri ni kwa watakaowahi. Njoo na kompyuta, bando lako mwenyewe, na makala moja ambayo umewahi kuinukuu bila kuisoma. Hatutauliza ni ipi mbele ya watu.